Kipimo

Kililetwa kimeviringishwa kwa taulo la hoteli,
kipande cha kioo kisichozidi daftari la shule.
Mwenye hoteli akasema: kikuze, nakitaka mapokezi,
mita mbili kwa moja,
wageni wakitoka uwanja wa ndege wa Kisumu
waone hata sisi tulikuwa na magofu.

Gofu ni nyumba iliyohamwa, nikamwambia.
Kit Mikayi haijahamwa.
Alikuwa ameshapokea simu.

Nikakiinua kwenye dirisha la Mtaa wa Ang'awa.
Ndani ya kioo mchana ni usiku:
mbingu ya Seme nyeusi tititi,
mapango yanawaka kama madirisha ya watu wasiolala,
na chini ya jiwe la mbele mtu mmoja,
mweupe kama chokaa.
Ukingoni, kwa ncha ya sindano, kumekwaruzwa:
Seme, 1909. Mwamba. Mpagazi, kwa kipimo.

Kwa kipimo.
Kama wanavyoweka kiberiti kando ya yai la mamba.

Jina hakuandikiwa. Mimi namwita Abonyo,
maana ameegemea mguu mmoja
kama mjomba wangu Abonyo akingoja chenji.

Watu hupenda kusimulia kwamba wazee wetu
waliogopa kamera kunyonywa roho.
Labda. Huyu, nikimkuza, naona bega:
alama ya kamba, mbichi.
Kutoka stesheni ya reli hadi Seme
alibeba vioo kumi na viwili,
na kila kitakachovunjika kinakatwa kwenye rupia zake.
Hofu yake ilipimwa kwa ratili.
Akaambiwa, usipumue.
Akahesabu moyoni, achiel, ariyo, adek,
mpaka kichwa cha mtu kikachomoka
chini ya kitambaa cheusi, kikitiririka jasho.
Hakupumua.
Ndiyo maana anaonekana mpaka kucha.

Lakini kushoto, penye mlango wa pango,
kuna kitu kama mvuke wa chungu.
Mwenye hoteli alikuwa amekigusa kwa kidole:
hili doa ulitoe.

Nikasogeza taa. Nikabana lenzi jichoni.
Doa lina kisigino.
Lina duara mgongoni, kibuyu au kichwa cha mtoto,
sikuweza kujua, wala sitajifanya najua.
Lina mikono mitano, saba,
mkono mmoja ulioinuliwa, ukashushwa, ukainuliwa,
jicho la kamera likiwa wazi muda wote.
Mtu alikuwa anaomba.
Hakuna aliyemlipa asimame.

Siku tatu nilikaa na kioo hicho.
Nikafuta ukungu, nikaziba ufa
uliopita shingoni mwa Abonyo.
Dole gumba la mpiga picha, lililobaki pembeni,
nikasita, nikalitoa.
Kivuli chake nikakiacha: kofia na miguu mitatu ya mti,
vimelala nyasini hadi karibu na vidole vya mpagazi.

Jumapili nikaenda Seme.
Wanawake wa kanzu nyeupe walikuwa wakiingia pangoni
na mishumaa, na chupa za maji,
mmoja na kuku asiyelalamika.
Nikatafuta pale aliposimama Abonyo.
Nikasimama. Nikabana pumzi, nihesabu.
Sikufika ariyo.
Sogea, mwanangu, akasema mama mmoja,
umeziba njia.

Jumanne mwenye hoteli akatazama picha kutoka juu hadi chini,
akaweka kidole palepale.
Na hili?
Nikasema halitoki.
Akalipa nusu.

Nasikia ameitundika,
na upande wa kushoto, mbele yake,
ameweka mmea mkubwa ndani ya mtungi wa plastiki.
Ila kila alfajiri, wageni wakiwa bado vyumbani,
mfagiaji huukokota mtungi kando
apate kufagia.